Madirisha ya Nyumba ya Magogo

Xiaobei, Guangzhou
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Kaka Cornel,

Shikamoo. Kamwene, na kamwene tena kwa wote mliozunguka jiko huko Mufindi, maana najua mwezi huu hakuna anayekaa mbali na moto. Habari za afya yako? Mguu umepona? Wifi Sarah na Calvin hawajambo? Na Mama je, ile dawa ya kifua imemsaidia, au bado anakohoa alfajiri? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Joto ni la kuyeyusha mtu, mvua inanyesha kila siku mchana, na lichi zimejaa barabarani hadi nimezikinai.

Ningekupigia simu, lakini wewe ukishasema "sikiliza, Kalista" huwa husikilizi tena. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono, kama Baba alivyotufundisha, usome hadi mwisho bila kunikatiza. Naipiga picha nikutumie leo leo. Karatasi yenyewe atakuja nayo Swalha, mnunuzi mwenzangu, anasafiri Jumanne.

Kwanza niseme nimefurahi. Madirisha nimeyapata, na ni mazuri. Sijasahau tulichokubaliana kwenye kikao cha Pasaka: madirisha mapya yakikaa sawasawa kabla ya Krismasi, nyumba ya Baba inabaki na Mama anabaki ndani yake. Yakishindikana, magogo yanashushwa na Mama anahamia kwenye nyumba yako ya matofali kule barabarani. Nilikubali mbele ya watu, na sirudi nyuma. Ila nakiri kwamba tangu siku ile sijalala vizuri nikiwaza fremu zile zilizooza na upepo unaomwingilia Mama kitandani.

Jana nilikwenda Foshan, kwa treni ya chini ya ardhi, nikiwa na Dullah. Huyu ni kijana wa Unguja anayetutafsiria Kichina sisi wanunuzi. Njia nzima alinitania kuhusu nyumba yetu, maana hajawahi kuona nyumba ya magogo. Akaniuliza, "Dada Kalista, sasa hiyo nyumba ya kuni mnapikia wapi?" Nikamwambia ndiyo maana Wazanzibari hawajengi kwetu, wangeichoma nyumba wiki ya kwanza.

Mwenye duka ni mama mmoja mfupi, mwenye miwani, tunamwita laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wenye maduka wote huku. Alitutembeza ghala zima. Alianza na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, ambayo kila anayejenga Dar ananunua. Nikayakataa. Yale hufunguka nusu tu, na wewe unamjua Mama, jua likitoka kidogo anataka kutoa godoro lote dirishani. Ya mbao tupu nayo nikayaacha, ukungu wa Mufindi utayala kama ulivyoyala ya kwanza. Nimechagua ya aluminiamu yenye rangi ya mbao, mabawa mawili yanayofunguka nje, na vioo viwiliviwili vyenye nafasi katikati. Niliweka sikio karibu na lililofungwa, lori likapita nje, nikasikia mvumo mdogo tu. Upepo hautapita hapo.

Sasa ndugu yangu, kaa chini.

Nilimpa laoban vipimo vyako. Sebuleni, upana hamsini na nne, kimo thelathini na sita, inchi. Akaandika, mimi nikaanza kutafuta kalamu ya kusaini. Ndipo akaomba kuona picha ya nyumba, nadhani kwa udadisi tu. Nikampa ile uliyotuma, wewe umeshika futi ya kamba ya njano mbele ya dirisha. Akaikuza picha, akasogeza miwani, akaanza kucheka peke yake. Akamwita na mumewe aje aone. Dullah akasikiliza, naye akacheka, mimi nikabaki nimenuna katikati ya watu wanaocheka.

"Anasema hizi si inchi," Dullah akaniambia. "Hii ni futi ya Wachina. Upande mmoja sentimita, upande wa pili ni cun, kipimo chao wenyewe. Cun moja inaizidi inchi."

Kaka, ile futi niliinunua mimi pale Zhongda, kwenye soko la vitambaa, nikamtumia Wifi Sarah pamoja na nyuzi. Mimi hupima kwa sentimita siku zote, upande wa pili sikuwahi hata kuutazama. Wewe tepu yako ya chuma ilikuwa imeota kutu, ukaazima ya mkeo, ukaona namba, ukasoma inchi kama ambavyo Mtanzania yeyote angesoma. Kosa si lako, ni langu. Andika tarehe, maana sitalisema mara mbili.

Tungenyamaza, madirisha ya sebuleni yangefika yamepungua karibu futi moja na nusu kwa upana. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili. Nilikuona umesimama na fundi Jeremiah, mnalijaribisha dirisha kwenye tundu lake huku upepo unapita pembeni. Nyumba ingeshuka kwa ajili ya futi ya kushonea, na aliyeituma futi hiyo ni mimi niliyeitetea nyumba.

Mwambie Wifi asijilaumu. Asingeweza kugundua, kwa sababu alipima na kukata kwa futi hiyohiyo, nguo zikatoka sawa. Ila sasa nimeelewa kwa nini wanakwaya wenzake, anaowashonea sare za Jubilei, walikuwa wanajisifu tangu Januari kwamba viuno vimepungua. Asiwaambie mapema, awaache wafurahi hadi Jubilei ipite.

Laoban amegeuza namba zote kuwa sentimita, lakini nakuomba upime upya, kwa upande wa sentimita. Pima kila tundu mara tatu, juu, katikati na chini, maana magogo hayanyooki. Wataanza kukata Alhamisi, kwa hiyo nahitaji majibu Jumatano. Kontena nachangia na Mwadini, yule muuza vigae, na nimeomba vioo viwili vya akiba endapo vingine vitavunjika njiani.

Jeremiah naye umpe onyo. Asipigilie fremu kwenye gogo la juu, na asizibe kwa saruji. Nyumba ya magogo hupanda na kushuka na majira. Baba aliacha pengo la vidole vinne juu ya kila dirisha, akalijaza manyoya ya kondoo na kulifunika kwa ubao, ndiyo maana vioo vyake havikupasuka miaka yote ile hata fremu zilipooza. Nimepunguza kimo kwa ajili ya pengo hilo. Laoban aliponiuliza sababu, nilimweleza, akasema baba yetu alikuwa fundi. Nilijisikia vizuri mno.

Nisalimie Dada Felisia na wanawe, na Padri Joshua, na majirani wa ng'ambo ya mto. Calvin mwambie viatu vyake nimeviona Zhanqian, kwenye soko la viatu, atume urefu wa mguu, kwa sentimita.

Limebaki dirisha moja, nalo nimelifanyia uamuzi bila kukuuliza. Chumba cha Mama, upande wa bustani, uliandika kiwekwe kioo cha ukungu kisichoonyesha nje. Nilielewa mara moja. Kaburi la Baba liko pale. Nilielewa pia kwamba suala la matofali barabarani halikuwa la baridi peke yake. Unaogopa Mama anakaa dirishani akilia, na unataka kumwondolea kidonda hicho. Hata mimi moyoni nilikuwa upande wako katika hilo. Lakini kabla ya kusaini nilimpigia Mama, nikamuuliza anataka kioo gani. Akasema hivi, na nayaandika kama alivyoyatamka:

"Mwambie Cornel mimi siliagi pale. Asubuhi nafungua, namwambia baba yenu kumekucha, naenda kukamua. Mkiniwekea kisichoonyesha, nitamwambia nani?"

Nimeagiza kioo kinachoonyesha, kaka. Tulitaka kumtenga na mumewe mara ya pili, tukidhani tunamhurumia.

Mungu awakinge na baridi hii, na awape usingizi mwema chini ya dari aliyoijenga Baba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponikatiza,

Kalista