Kitambaa juu ya lampe

Mama Joyeuse,

Nimeenda Ndosho kwa mushonaji. Sombe iko kwa sufuria, nimeifunika. Courant ya umeme ikirudi mbele ya mimi kufika, ~~usiguse radio~~ washa radio, lakini hivi: kwanza ile ampli ndogo ya lampe, zile chupa za kioo zinawaka ndani, ungoje lampe zipate moto, ndipo uwashe ile kubwa ya transistor. Kwa kuzima, anza na kubwa.

Na ile ndogo usiifunike tena. Najua kila kitu cha salon yako kinavaa kitambaa. Bafle za kutoa sauti uzivalishe hata kama bibi harusi, sitasema kitu. Lampe zinachoma.

Asubuhi niliposikia harufu ya kuungua nilikupigia makelele mbele ya kuona ni kitambaa gani. Kile mama yako alikushonea kwa ndoa yetu. Ukabeba Biblia ukaenda kanisa. Nimekipeleka Ndosho, ni pembe moja tu iliungua.

Unaniulizaka kila siku kwa nini nafunga pamoja mashine mbili kwa kazi ya moja. Transistor inaleta nguvu. Lampe inaleta mutu. Ulipotoka niliweka kaseti ya korali ya Masisi, ile mama yako anaanzisha wimbo. Mbele ya kuimba anavuta pumzi. Miaka yote, kwa transistor peke yake, hatukuisikiaka.

Courant ikakatika palepale. Nimerudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya biki, polepole, mpaka mbele ya ile pumzi, nikaiweka tena ndani ya radio.

Ungoje tu lampe zipate moto.

Papa Joyeuse