Kaka Asiyetajwa

Nalgonda,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako Kaka Madhukar,

Nakuamkia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Kifua kimepona? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikohoa ukasingizia vumbi, na Mama alipokata simu akatuuliza ni vumbi gani hilo linalotimka wakati wa theluji. Sisi hapa ni wazima kiasi. Baba anakula vizuri, na gazeti lake la kugombana nalo bado linaletwa kila asubuhi. Magoti ya Mama yamezidi kukaza mwaka huu. Ngazi za mbele amezisusa kabisa, anapitia mlango wa uani. Mama mdogo Vijaya anakusalimu, anasema kama umenenepa usimfiche, yeye atakupenda hivyo hivyo.

Barua hii utaipokea mkononi mwa Kirtana, rafiki yangu wa chuo, anayeondoka Jumapili kwenda kuanza masomo huko. Usishangae kwamba sikupiga simu. Baba ametukataza kulizungumza jambo hili kwenye simu, na safari hii namuunga mkono. Isome ukiwa peke yako, na tafadhali uifikishe mwisho.

Unajua kwamba nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili huko Marekani. Profesa mmoja alipendezwa na kazi yangu ya kuchuja floridi, ile sumu ya maji yetu iliyowakunja watu mifupa na kumharibia Mama magoti, akaniandikia kwamba niende tuifanye pamoja, na ufadhili upo. Mama mdogo Vijaya alipita nyumba hadi nyumba na sahani ya vitamu vya ladu. Akaniambia, "Nenda, lakini usituletee mkwe anayekula wali kwa uma." Kilichobaki kilikuwa viza tu. Nasema "tu" kwa sababu wakati ule sikuwa najua.

Baba alinipeleka Hyderabad kwa wakala mmoja anayeitwa Bwana Janardhan, ambaye watu wanasema mkono wake una baraka. Ofisi yake ilijaa vijana wa rika langu, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kifuani kama mtoto mgonjwa. Akaniuliza habari za shule, akaniuliza habari za Baba, kisha akauliza kama nina ndugu yeyote kule. Baba akatazama viatu vyake. Nadhani Bwana Janardhan ameshazoea akina baba wa namna hiyo, maana aliinuka mwenyewe akafunga mlango. Akatueleza taratibu kwamba afisa akisikia kaka alikwenda kusoma, kibali chake kikaisha naye asirudi, atasema dada naye ni wa chungu kile kile.

"Mwaka huu binti yenu ni mtoto wa pekee," alisema, kama daktari anayeandika dawa.

Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi sikusema kitu, na wewe unajua kwetu asiyesema kitu amekubali. Fomu ikajazwa hivyo.

Kuanzia hapo nyumba yetu iligeuka ubalozi. Baba alisema yeye aliyekaa maisha yake yote nyuma ya dirisha la tiketi za treni, hakuna wa kumfundisha habari za madirisha. Kila jioni aliingia jikoni na koti lake la harusi, kwenye joto lile, akasimama nyuma ya lile dirisha linalotazama barazani, nami nikasimama nje. Ananiuliza kwa nini Marekani na si hapa. Najibu. Ananiuliza nitarudi lini. Najibu. Mwanzoni tulicheka, kwa sababu kila akitaka kuwa mkali koti lilimbana akapiga chafya. Kisha anafika kwenye lile swali.

"Una ndugu yeyote nchini kwetu?"

"Sina."

"Kaka? Dada?"

"Sina. Mimi ni mtoto wa pekee."

Alisema nalijibu kwa pupa. Ikabidi nijifunze kulijibu polepole, nikimtazama machoni, bila kumeza mate. Nilijifunza, kaka. Nililijua kiasi kwamba siku moja mgeni sokoni aliniuliza tumezaliwa wangapi, nikamjibu kabla sijafikiri.

Mama alikuwa akipika mgongoni mwa Baba muda wote huo. Mpaka jioni moja, Baba aliponitaka nirudie jibu mara ya tatu, Mama alizima jiko, mchuzi haujaiva, akajifuta mikono.

"Kila jioni mnamzika mwanangu jikoni kwangu," alisema. "Basi nipeni angalau ruhusa nilie."

Baba alivua koti. Siku ile tulilala na wali mkavu. Lakini kesho yake mazoezi yaliendelea, ila tulihamia kwenye dirisha la chumba cha mbele.

Sikwambii kwa nini nilizidi kuogopa, maana sijui. Nilikwenda hekalu la Chilkur, wanakoombea viza, kulizunguka pamoja na waombaji wenzangu, na hata pale, katikati ya watu wanaosali, walikuwa wakinong'onezana. Kwamba msichana mmoja wa Khammam alinyimwa kwa kuwa alitabasamu. Kwamba mwingine alinyimwa kwa kuwa hakutabasamu. Kwamba kompyuta zao zinajua kila jina, na aliyeingia nchini mwao hafutiki. Hili la mwisho liliniingia mwilini kama homa. Nilikuwa nikiona kioo cha kompyuta ile usingizini, na wewe ukiwa ndani yake umekaa, ukinitazama.

Siku ya mahojiano ubalozini ilipofika, Baba alibaki nje chini ya kivuli cha ukuta akinishikia simu na kitana. Ndani nilipanga foleni nyuma ya kijana mmoja mwenye tai. Aliulizwa maswali mawili, akarudishiwa pasipoti yake, na anayekubaliwa harudishiwi pale pale. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umetulia, ila alishindwa kupata mlango wa kutokea. Askari alimshika bega akamwelekeza.

Dirishani kwangu alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Kaka, sina ubaya wa kumsema. Alikuwa mpole. Aliniuliza kuhusu maji, nikamweleza. Akaniuliza nimeanzaje kuyajali, nikamwambia habari za magoti ya Mama, akaacha kuandika akanisikiliza. Niliona ameridhika. Halafu akageukia kompyuta yake, akasoma. Akasoma muda mrefu. Akasogea karibu na kioo.

Kisha akauliza kama nina ndugu yeyote nchini kwao.

Sasa nakuomba ukae kama umesimama. Nilimwambia ninaye kaka. Akaniuliza mbona fomu inasema sina. Nikamwambia niliogopa. Akaniuliza uko huko kwa kibali gani, nikamwambia ulikwenda kusoma, na kibali chako kiliisha zamani. Akaniuliza jina lako, nikamtajia. Akaniuliza mji, nikautaja. Siuandiki hapa, lakini pale niliutaja.

Hakunifokea. Alisema kwa kuwa nimesema mwenyewe, hataandika kwamba nimemdanganya, ila viza hawezi kunipa, kwa sababu hana hakika kwamba ningerudi. Alisema naweza kuomba tena siku nyingine. Akanirudishia pasipoti.

Nje, Baba aliiona pasipoti mkononi mwangu akajua. Mengine nilimwambia ndani ya basi. Nilingoja anipige au anilaani. Alitazama mashamba ya pamba mpaka tukapita Choutuppal, kisha akasema, "Mmoja amebaki nje, mmoja amebaki ndani, na mlango nimeufunga mimi mwenyewe." Tangu siku hiyo gazeti linaletwa, halifungui.

Mama yeye aliuliza jambo moja tu, kama nililitaja jina lako lote au nusu. Nikamwambia lote, na la ukoo. Akaniambia nimwonyeshe nililitajaje. Nikalisema mbele yake. Akanikumbatia, na tangu hapo anawaambia wote wanaokuja kunipa pole kwamba binti yake hakukubali kumkana kaka yake, hata kwa ajili ya Marekani.

Na hapa ndipo ninapokuja kwako, kwa sababu huyo si mimi, na sina mwingine wa kumwambia. Mama anadhani nilikutaja kwa mapenzi. Ni hofu iliyokutaja, kaka. Yule mama aliposogea kwenye kioo chake, nilidhani ameshakuona. Nilikuwa na "sina" yangu mdomoni, tayari, polepole, bila kumeza mate. Ningeisema. Kama asingeisoma ile kompyuta kwa muda mrefu vile, ningekukana nikapanda ndege. Nilitaka kujiokoa mwenyewe, na hata hivyo sikuokoka. Baadaye nilifikiri pengine alikuwa akitafuta kitambaa chake cha mafua tu.

Sijui wanalifanyia nini jina wakishalipata. Bwana Janardhan anasema pengine halitoki pale dirishani. Mama mdogo Vijaya anasema amesikia ya mtu aliyefuatwa kazini. Mimi kila simu inapolia naona wewe umechukuliwa. Kwa hiyo, nakusihi, ukimaliza kusoma usilale hapo unapolala. Mwombe Kirtana akupeleke kwa wenzake. Au rudi nyumbani. Hakuna atakayekuuliza umeleta nini. Baba mwenyewe aliniambia niandike hivyo, akageuka upande wa pili wakati akisema.

Kuna kitu kimoja kidogo nakuongezea, si cha kunisafisha. Nilipokwisha kurudishiwa pasipoti, nilitakiwa niondoke. Miguu haikuondoka. Yule mama akaniuliza kama nina neno lingine. Nikamwambia, "Kaka yangu alinifundisha kusoma, akanibeba mgongoni mpaka shule maji yalipojaa barabarani. Anaitwa Madhukar." Hakuwa ameniuliza. Kompyuta yake ilikuwa tayari kwa mtu mwingine. Mara ile, kaka, nilikutaja mimi.

Baba anakuombea heri ingawa hatakwambia. Mama anasema uvae kofia. Mama mdogo ananinyang'anya kalamu akuandikie upuuzi, nimemkatalia. Mpe Kirtana neno moja tu la mdomo anifikishie kwa simu kwamba upo, hata kama ni la kunitukana. Nitalipokea kwa mikono miwili.

Ni mimi mdogo wako,
Sirisha