Nimemwombea Mama Malimi Utakatifu, Amenuna

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako maana nimefanya jambo nililoona ni jema likageuka ugomvi, na mpaka naandika hapa sijui nimekosea wapi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka ishirini na mbili, nimeishia darasa la saba kwa hiyo mwandiko utanisamehe, nimezaliwa Kidete ila nimeolewa hapa Kilosa mjini, tunakaa Mabwerebwere, na mume wangu Ditram ni fundi pancha kule Mikumi barabarani, anakuja Jumamosi mchana anaondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo siku nyingi niko mimi na mwanangu Imani wa miezi mitano.

Jirani yangu ni Mama Malimi, jina lake la ubatizo Imelda, ni mtu wa Usukumani, walikuja huku na ng'ombe zamani mimi sijaanza hata shule, mpunga wao uko Tindiga lakini yeye anakaa hapa mjini na ng'ombe wawili wa maziwa. Mama mshauri, huyu mama nampenda jamani, siku uchungu uliponishika Ditram hapatikani kwenye simu, yeye ndiye aliyesimamisha bodaboda tukapanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia na beseni mkononi, huku anamwambia dereva, "Wewe, ukipiga shimo hata moja, utazaa wewe." Nilicheka na uchungu wangu vilevile. Alikaa na mimi hospitali mpaka Imani akatoka, akanifulia, akanipikia uji, na tangu siku hiyo kila asubuhi akiwa mjini analeta maziwa kwenye kidumu na hataki kusikia habari ya kulipwa, anaingia mpaka chumbani anamchukua mtoto anamwita mjukuu wangu. Na tulikuwa tumekubaliana yeye ndiye atakuwa msimamizi wa Imani kwenye ubatizo.

Sasa katekista wetu, mwalimu Anselmi, Jumapili moja alitufundisha kwamba sisi tunajua kuombea wagonjwa na marehemu na mvua tu, lakini mitume walikuwa wanawaombea Wakristo wenzao wakue katika upendo na utakatifu, na akasema tuwataje kwa majina. Yale maneno yaliniingia kwa kweli. Nikaanza nyumbani wakati wa kufua, nepi moja mtu mmoja, na Imani alivyo na nepi nyingi nikawa naimaliza jumuiya yetu nzima ya kanisani kabla ya saa nne, mwenyekiti, mzee Thadeo, dada Magreti, wote, na nilikuwa najisikia furaha mpaka naimba peke yangu, hata watu ambao nilikuwa nawaona wakali nikaanza kuwaona kama ndugu zangu.

Jumamosi tukawa na sala ya jumuiya kwa mwenyekiti. Mama Malimi ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Tindiga, wiki tatu alikuwa huko anaamia ndege, anawafukuza wasile mpunga, tulikuwa hatujamwona, na mimi nilivyomwona moyo ukaruka. Ulipofika wakati wa kutoa nia mmoja akaombea mgonjwa, mwingine akaombea mitihani, mimi nikasema kwa sauti kabisa, "Tumwombee mama yetu Imelda, Mama Malimi, Bwana amkuze katika upendo na utakatifu. Ee Bwana." Watu wakaitikia twakuomba utusikie, lakini kwa sauti ya chini, vichwa vikageuka kumwangalia yeye, hata mzee Thadeo aliyekuwa anasinzia akaamka. Mimi sikuelewa.

Tulipomaliza Magreti akanishika mkono pembeni akasema, "Mdogo wangu, leo umemchapa kweli! Wiki tatu mtu haonekani jumuiya! Sisi wote tulikuwa tunamwogopa." Nikacheka kidogo maana sikujua nijibu nini, na Mama Malimi alikuwa hapo mlangoni anavaa kandambili zake anaondoka, nikamkimbilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mtakatifu."

Mama mshauri, nilisimama kama nimemwagiwa maji. Nikasema mama, wiki ijayo tunatakiwa semina ya ubatizo mimi na wewe, akanijibu bila kunitazama, "Mtoto wako mtafutie msimamizi aliyekwisha kukua. Mimi bado nakua." Akaenda zake.

Tangu siku hiyo kidumu cha maziwa nakikuta mlangoni asubuhi, hapigi hodi wala haingii, na Imani akisikia sauti yake nyuma ya ukuta anageuza kichwa anamtafuta. Ditram nilimwambia akacheka, akasema, "Na wewe, si ungeomba mvua kama watu wengine," halafu akasema basi tumweke Magreti, maana Magreti amekwisha kujitolea na ameshaulizia sare ni rangi gani. Mimi sitaki. Imani anabatizwa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu na jina la msimamizi linatakiwa wiki ijayo, na mimi namtaka Mama Malimi, nataka mwanangu ashikwe na mikono ileile iliyonishika mimi kwenye pikipiki.

Naomba uniambie, je, nimwombe msamaha? Nikimwomba msamaha si itakuwa nimeirudisha ile sala kwa Mungu, kwamba basi asimkuze tena? Na je, niache kuwaombea watu kwa majina? Bado nina matumaini, kila siku nepi ya kwanza ninayofua ni ya kwake. Ni mimi,

Mama Imani, Mabwerebwere, Kilosa.

MAMA TUMWAGILE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Mama Imani. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikacheka mpaka chai ikapoa, ya pili nikavaa miwani nikaona jambo ambalo wewe umelipita mbio. Nitakupa pole, halafu nitakugombeza. Vumilia.

Kwanza, sala yako ni nzuri na hairudishwi. Usithubutu. Tatizo ni sisi, mwanangu. Tumezoea kwamba mtu akitajwa jina kwenye nia, basi ama amelazwa, ama amefariki, ama ameharibu. Sasa Mama Malimi alijikagua akaona ni mzima na hajafa. Kikabaki kipi? Kuharibu! Na ndiyo kwanza katoka wiki tatu bila kuonekana jumuiya. Hata mimi ningevaa kandambili zangu.

Lakini hebu chukua kadi ya kliniki ya Imani. Akiwa kwenye rangi ya kijani, uzito mzuri, nesi anakwambia sasa acha kumnyonyesha, ameshafika? Anakwambia endelea, aongezeke. Mwalimu Anselmi yuko sahihi: wale mitume waliwaombea kukua watu waliokuwa wanakwenda vizuri, tena walianza kwa kuwashukuru. Na hapo ndipo ulipopunguza. Shukrani zote za bodaboda, za uji, za maziwa, uliziacha moyoni kwako, ukatoa mdomoni ombi peke yake. Mungu alijua ulichomaanisha. Mwenyekiti na mzee Thadeo wangejuaje?

Hilo ni dogo, ni la ujana. Sasa nakuja kwenye kubwa. Umeniandikia mistari mingi juu ya sala, na nusu mstari juu ya kicheko. Magreti alikwambia umemchapa mtu, ukacheka, na mtu mwenyewe yuko hapo mlangoni! Mama Imani, usinidanganye na "sikujua nijibu nini". Jibu lilikuwepo: "Dada, sikumchapa, nampenda." Maneno matatu. Badala yake ukacheka, na pale pale sala yako nzuri ukampa Magreti aigeuze kijembe. Ninavyoona mimi, sala ile Mama Malimi angeimeza. Kicheko ndicho kilichomkwama kooni. Mtu aliyekukumbatia kwenye bodaboda hapendi kukuona unacheka juu yake na watu.

Kwa hiyo swali lako limejijibu. Kwa sala, usiombe msamaha. Kwa kicheko, omba msamaha, tena haraka.

Na usiogope. Mwanamke aliyekata undugu na wewe kweli hawezi kuamka kukamua akakujazia kidumu. Anakuja mpaka mlangoni kwako kila siku, mwanangu! Kilichobaki ni wewe kufungua mlango mapema zaidi.

Fanya hivi. Kesho asubuhi amka kabla yake, mbebe Imani, nenda kwake wakati anakamua. Usitume ujumbe wa simu, usimtume mtu, na usimsubiri Ditram aje na ushauri wake wa mvua. Msalimie. Akikuita mtakatifu, itikia tu, usinune. Mwambie, "Mama, nilicheka, nisamehe." Nyamaza hapo hapo. Usieleze Magreti alisema nini, kwa maana ukianza kueleza utakuwa umemletea umbeya mwingine. Akikupa nafasi, mwambie zile shukrani zote ulizoniandikia mimi ambaye sikuwahi hata kupanda hiyo bodaboda. Halafu mwombe akuombee na wewe, kwa jina lako, kwa sauti, upendo na utakatifu hivyohivyo. Atajua kwamba ni chakula unachokula na wewe, hukumpelekea yeye peke yake.

Jumamosi kwenye jumuiya, toa shukrani mbele ya watu, na hadithi ya mashimo uisimulie, wacheke vizuri. Magreti mwambie ana kwa ana kwamba msimamizi amepatikana, na kwamba siku ile hukumsema mtu. Mwambie kwa upole. Naye endelea kumwombea, ila huyo kwa sasa mwombee kwenye nepi, usimtaje kwa sauti.

Na kuombea watu kwa majina usiache. Mimi mwenyewe tangu nimesoma barua yako nimeanza, nikiosha vyombo. Kwenye sahani ya tatu nilimkuta mtu niliyekuwa sijamwombea mema miaka sita. Nimemtaja.

Wasomaji, jibu hili nililituma kwa simu kabla ya kulichapa, kwa sababu ubatizo haungesubiri. Baada ya wiki moja nikapata ujumbe huu. Majina yamebaki kwa ruhusa yao wote. Mama Malimi alisisitiza lake liandikwe, na liandikwe sawasawa.

"Shikamoo mama mshauri, nilienda asubuhi ileile nikamkuta anakamua, nikasema kama ulivyoniambia, nilicheka mama nisamehe, nikanyamaza. Akaendelea kukamua mpaka nikadhani hajasikia. Halafu akauliza, 'Na ile sala, unaiondoa?' Nikasema siiondoi mama. Akasema, 'Usiiondoe, naihitaji. Wale ndege wa Tindiga niliwatukana matusi ambayo hata mume wangu hajawahi kuyasikia.' Tukacheka mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo. Nilipomwomba aniombee akanawa mikono, akamchukua Imani, akaanza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kisukuma, mimi nasikia jina langu tu linapita pita, nikamuuliza umesema nini, akasema hayo ni yangu na Mungu. Semina ya ubatizo tumeshaenda wote wawili. Na leo kwenye jumuiya nilisimulia habari ya bodaboda watu wakacheka, na ulipofika wakati wa nia yeye ndiye akasimama wa kwanza, akataja watu wote waliokuwepo, mmoja mmoja, tumekaa kumi na tisa, kila mmoja akamwombea akue katika upendo na utakatifu, mpaka mzee Thadeo akaulizia kama na yeye ametajwa. Jina la Magreti lilipofika Magreti alishtuka, halafu akaitikia kwa sauti kuliko sisi wote."