Nduku Anabeba Kamili, Mimi Nabeba Nusu

Mpendwa Bi Swabra, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana kila asubuhi inayopita kuna mtu anaumia, na anayemuumiza ni mimi.

Naitwa Kadzo, nina miaka ishirini na mitatu, nakaa Utange na mama yangu, na tangu nimalize shule nimefua nguo za watu, nimeuza viazi karai, nimefagia saluni, na hakuna kazi iliyonituliza, hata nikiketi goti langu linachezacheza mpaka mama huuliza kama nimekalia siafu. Kitu kimoja tu nimekitaka bila kukichoka, nacho ni jeshi. Usajili ni wiki tano kutoka leo na tunakwenda wawili, mimi na Nduku, jirani yetu, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Port Reitz miaka miwili iliyopita, na kwake mwaka huu ndio wa mwisho kwa sababu mwakani umri utakuwa umempita.

Tulisikia kuwa makuruta hutembezwa mwendo mrefu na mabegi mazito mgongoni, tukasema tusingoje kufika huko ndipo tujue uzito ni nini, tukaanza kupanda Nguu Tatu, vile vilima vilivyo nyuma yetu, kila alfajiri. Mzigo niliuchagua mimi. Nilisema tutie mtungi wa maji wa lita ishirini ndani ya begi, kila mtu wake, kwa kuwa mimi nimeubeba mtungi huo kichwani tangu niko darasa la nne na sikuona kama ni kitu. Nduku amekulia nyumba yenye bomba jikoni, akauliza kama si bora tuanze na kidogo, nikamcheka, nikamwita mtoto wa bomba, naye akabeba. Na kwa vile maji ya kwetu ni ya kununua tulipanda nayo na tukashuka nayo, maana nani atamwaga maji ya pesa mlimani, tukirudi mama huyapikia chai.

Wiki ya pili goti langu likaanza kulalamika. Bi Swabra, mgongoni si kama kichwani, ukipanda mzigo unakuvuta nyuma, ukishuka unakusukuma mbele, na kila hatua inaishia gotini. Nilipaswa kumwambia Nduku tupunguze, lakini nilikuwa nimeshamcheka, nikaona aibu. Basi asubuhi iliyofuata nikachukua mtungi mdogo wa lita kumi, nikauzungushia leso kuukuu na dira la mama mpaka begi likavimba kama la jana. Nikajiambia ni siku moja tu. Leo ni wiki ya tatu.

Sasa mimi goti limepoa na napanda naongea, na Nduku yuko nyuma anahema na mtungi wake kamili, na ananiambia, "Kadzo, wewe uliumbwa kwa chuma," nami nacheka. Muundi wake wa kushoto umevimba. Akiamka hawezi kuukanyagia mpaka ajikande kwa maji ya moto na chumvi, kisha anaufunga bendeji anakuja kunigongea mlango. Nilimwambia aende hospitali akanijibu, "Mbona wewe huumwi? Si tunabeba sawa?" Hapo ndipo ningesema. Sikusema.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wasichana huchukuliwa wachache, na Nduku mbio ananishinda, hata mtoto wa mtaani anajua. Siku ya kwanza nilipomwona anachechemea, moyo wangu ulitulia kidogo. Ulitulia, Bi Swabra, halafu nikajiogopa. Mamake hunipakulia muthokoi Jumapili, yale mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, na kuniita mwanangu, nami nakula.

Nimefikiria nijifanye mgonjwa ili tuache wote wawili. Nikimwambia ukweli atanichukia na huenda akakosa usajili, nisipomwambia labda mguu utapoa wenyewe. Je, kuna namna ya kumfanya apumzike bila yeye kujua nilichofanya?

Kadzo, Utange

*

Marahaba, Kadzo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitamani kukukamata sikio.

Nianze na huo mtungi. Wallahi sijapata kuona watu wanapanda kilima na maji ya kununua, wanashuka nayo, halafu wanayapikia chai. Jana nilimpigia simu Mwinyihaji, jirani yangu hapa Likoni, sajini mstaafu aliyefundisha makuruta miaka mingi. Nilipomwambia kilo ishirini tangu siku ya kwanza, tena za kushuka nazo, akasema, "Hao watoto wana haraka ya kwenda wapi? Sisi wenyewe hatukuwa tukimbebesha kuruta hivyo siku ya kwanza." Anasema mapafu huzoea upesi, nyama hufuata, lakini mfupa ni mzito wa kujifunza na hauna wa kuusemea mpaka ukatike. Kichwa chako kilianza kujifunza mtungi ukiwa darasa la nne. Mgongo wako uliuona mwezi uliopita, na wa Nduku vivyo hivyo. Huo ujuzi wa kichwani uliutoza mgongo wa mwenzio, na hakukuwa na mtu wa kukuambia.

Sasa tuje kwako. Goti kukuuma si kosa, mwanangu. Goti lako lilikuambia kweli, nawe ukalisikiliza. Kosa lako ni kuwa ulilisikiliza peke yako. Ulipunguza mzigo wako ukamwacha mwenzio na wake, kisha ukatembea mbele yake ili aone jinsi ilivyo rahisi. Nduku hajaumizwa na kilima. Anaumizwa na mfano wako, na mfano wenyewe ni leso na dira la mamako.

Na hilo la moyo kutulia. Uliliweka karibu na mwisho, kama mtu anayeacha kitu mlangoni akakimbia, lakini ndilo ulilokuja kuniambia. Sitakuambia si kitu. Ni kitu kibaya, ni husuda, na kila mwenye mshindani amewahi kuionja, mimi nikiwamo. Ila husuda ya kupita ni yako na Mungu wako. Ukiiona halafu ukamwacha mtu aendelee kuchechemea mbele yako wiki nzima, hiyo ni dhuluma, na dhuluma ina mwenyewe, naye ni Nduku. Usiniombe mimi msamaha.

Unauliza kama kuna namna ya kumpumzisha bila yeye kujua. Hakuna. Ukijifanya mgonjwa wewe, yeye atapanda peke yake, tena kwa bidii, akidhani hatimaye amekushinda kwa kitu. Msichana aliyebakiwa na mwaka mmoja haachi kwa sababu rafiki ana homa. Ataacha akijua kuwa kipimo alichokuwa akijipimia kilikuwa cha uongo. Dawa unayo wewe tu, na umeikalia.

Na mguu hautapoa wenyewe. Mwinyihaji aliniambia nikuulize hivi: Nduku akiubonyeza muundi kwa kidole kimoja, maumivu yako mahali pamoja, pa upana wa kidole hicho? Kama ndivyo, hiyo si nyama iliyochoka, huenda mfupa umeanza ufa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aende hospitali apigwe picha, leo, na wewe uende naye ubebe mkoba wake ukae kwenye foleni. Asipande, asikimbie, asikandwe na mtu yeyote mpaka daktari aseme. Huenda wiki zilizobaki zikamtosha, huenda zisimtoshe, na mimi sitakudanganya kama ulivyomdanganya yeye. Lakini akienda usajili na mguu huo atachechemea mbele ya macho yaliyowekwa pale kazi yake kutazama wanaochechemea. Watamrudisha, na mwaka utakuwa umekwenda na mguu vilevile.

Wewe endelea na mazoezi, sikukatazi. Tia mchanga kwenye begi, Utange kumejaa mchanga na hauuzwi kwa mtungi. Anza na kilo tatu au nne, mara tatu kwa wiki, siku nyingine utembee mikono mitupu. Ukifika juu umwage mchanga wako, ushuke mwepesi, kwa kuwa kushuka ndiko kunakovunja watu. Ongeza kidogo tu, na goti likinuna urudi nyuma bila kuona haya. Na ufike kwenye usajili na nguvu zako ulizo nazo. Nduku akikushinda, amekushinda.

Atakuchukia? Pengine. Mamake anaweza kufunga mlango, na Jumapili ukala kwenu. Utastahimili. Ukitaka kuvaa magwanda ya jeshi utapewa mtu wa kulia na mtu wa kushoto, na kila mmoja ataamini kuwa mzigo ulio mgongoni mwako ndio uliopewa. Kama huwezi kumwambia kweli jirani aliyekupenda, sijui wale utawaambia nini.

Mwisho, Kadzo. Majina yenu nimeyabadilisha kama ninavyofanya siku zote, na mtaa nimeuacha kama ulivyo. Lakini msichana anayeumwa muundi wa kushoto, anayepanda Nguu Tatu alfajiri na rafiki yake, hahitaji kuandikiwa jina ili ajijue. Gazeti limeshatoka. Unavyosoma mstari huu, huenda naye amelishika. Ondoka hapo ulipoketi uende kwao sasa hivi, ayasikie kwako kabla hajayafikia hapa.

Bi Swabra