Usukani wa Gari la Gendabi

Gendabi, Hanang

Dada yangu Tumaini,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti la mama liwe limepungua kuuma baada ya baridi ya huko Tukuyu. Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula na ninafanya kazi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikikupigia, mama anakaa karibu na kukuambia uweke sauti kubwa. Haya sitaki ayasikie hivyo. Soma wewe kwanza, halafu utaona utamwambiaje.

Umeona hapo juu nimeandika Gendabi. Ndiyo, sipo tena Endasak kwa mume wangu Damiano. Nakaa hapa kwa mzee Gidamis, mfugaji, mwenye ile Landrover kuukuu niliyokusimulia wakati wa Pasaka. Nitakueleza nilivyofika.

Unakumbuka injini ya petroli ya gari lile ilikufa kabisa, na mzee akapata injini ya dizeli kutoka kwenye basi dogo lililobondeka. Alituletea vyote gereji, mimi na Damiano, tumbadilishie. Hapa gari kama hilo ndilo linalobeba wagonjwa, maziwa, na hata mahindi ya majirani wakulima. Kuingiza injini hakukutushinda. Tatizo lilikuwa usukani. Injini mpya ni pana, na chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda chini kilikuwa kinapita palepale bomba la moshi linapokaa. Tukasogeza boksi la usukani mbele, nikakata kile chuma, nikaweka jointi ya juu. Jointi ni kile kiungo kinachojikunja kama kifundo cha mkono, ili usukani ugeuke hata kama chuma hakijanyooka. Ya chini ilitakiwa iwe yenye meno, ya kufungwa kwa bolti. Katesh haikuwepo, Babati haikuwepo. Nikamwambia Damiano naifuata Arusha.

Kabla sijapanda basi nilimwambia mbele ya mama yake, "Hili gari lisitoke mpaka nirudi."

"Nenda salama, Atu," akasema. "Litakukuta hapahapa."

Jointi ilinisumbua kupatikana. Nilipoishika mkononi nilifurahi kama mtoto, nikampigia Damiano. Hakupokea. Aliyenipigia alikuwa jirani yetu muuza dagaa, akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini.

Dada, gari lilikuwa limetoka. Damiano alikuwa amemwahidi mtoto mkubwa wa mzee Gidamis kwamba atalipata kabla ya mnada, akaona aibu kurudi nyuma. Alichukua jointi iliyolegea kwenye rundo la vyuma chakavu, akaichomelea kwenye kile chuma, akakabidhi ufunguo. Siku ya mnada yule mtoto wa mzee alikuwa anaendesha, mama yake amekaa pembeni. Kwenye mteremko sehemu iliyochomelewa ikakatika. Usukani ukawa unazunguka bure, gari likaingia shambani kwa watu na kulalia ubavu. Kijana alitoka na michubuko. Mama yake alivunjika mguu, juu ya goti.

Nilirudi siku hiyohiyo niliposikia. Niliamini mume wangu atakuwa anajilaumu, na mimi nitasimama naye. Ndivyo nilivyokuwa nawaza njia nzima.

Wazee wakakaa kikao uwanjani kwetu, wa ukoo wa Damiano na wa mzee Gidamis. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza nani alifanya kazi ya usukani. Damiano akasimama. Hakuniangalia.

"Injini ni yangu," akasema. "Usukani aliushika mke wangu. Kuchomelea ni yeye."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikasema, "Mimi nilikuwa Arusha."

"Alichomelea kabla ya kuondoka," akajibu, sauti yake ya kawaida kabisa, ile ya kuniomba chumvi mezani.

Wazee wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema mwanamke na usukani wapi na wapi. Sikumjali. Nikamgeukia mama mkwe, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Yule jirani alikuwa ameshaniambia kwamba siku Damiano anachomelea, mama ndiye aliyempelekea uji na kukaa naye mpaka akamaliza. Nikamwambia, "Mama, wewe ulikuwepo. Waambie."

Akavuta shuka lake mabegani. "Mimi mambo ya magari siyajui, mwanangu," akasema.

Dada, huyu ndiye mama aliyenilaza kwenye kitanda chake nilipopoteza ile mimba. Alinikanda kwa maji ya moto, akanilisha kwa mkono wake, akawa ananiambia hapa Endasak mimi si mgeni, yeye ndiye mama yangu. Neno la Damiano liliniumiza. Lile la mama lilinimaliza. Na aliniita mwanangu wakati analisema.

Sikubishana tena. Asubuhi nilichukua bodaboda mpaka huku Gendabi, na ile jointi ndani ya mkoba. Nilijua wanaweza kunifukuza. Nilimkuta mke wa mzee amelala, mguu wote umefungwa plasta. Nikapiga magoti nikampa shikamoo na pole, nikamwambia, "Mama, mkono wangu haukuchomelea kile chuma. Sikuja kuomba chochote, nimetaka tu uyasikie kutoka kwangu."

Kiswahili chake ni cha taratibu. "Tunajua," akasema. "Mwanangu aliuliza siku anachukua gari, kwa nini yule mama fundi hayupo. Mume wako akasema wewe ni mwoga, unachelewesha kazi."

"Kwa nini hamkusema kwenye kikao?"

Mzee Gidamis ndiye aliyejibu. "Mtoto wangu alikuwa amebaki hapa, anamuuguza mama yake. Na mimi sikuwa pale gari lilipotolewa. Nitasema nini juu ya nyumba ya mtu?" Kisha akauliza, "Hicho chuma umekipata?"

Nikakitoa. Akakigeuza mikononi, akanirudishia. "Basi malizia kazi," akasema.

Ndivyo nilivyobaki. Wamenipa chumba, nanyweshwa maziwa mpaka nimenenepa. Gari lilivutwa mpaka huku, mzee akaagiza vyombo vyangu vya kazi kutoka gereji, nikanyoosha palipopinda, nikatupa kile chuma cha usukani chote, nikatengeneza kingine. Jointi mbili nzima, na beringi katikati ya kukishikilia kisichezecheze. Mke wa mzee alipotakiwa kurudi hospitali kuangaliwa mguu, akasema, "Nitapanda kama unaendesha wewe." Nilimbeba. Kwenye ule mteremko alishika kishikio cha mlango na kufumba macho, mimi jasho likanitoka mgongoni, lakini gari lilinyooka.

Tulipita Endasak mbele ya gereji. Mama mkwe alikuwa amesimama getini, akainua mkono kunisalimia. Wangu sikuuinua. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, ingawa barabara pale imenyooka.

Juzi Damiano alikuja huku na pikipiki. Tulisimama nje, karibu na zizi. Akasema nyumba imekuwa baridi, mama haongei, watu wanamuulizia fundi wao. Akasema, "Nisamehe, Atu. Niliogopa."

Nilimwambia nimemwelewa. Ni kweli nilimwelewa, ndiyo maana nililia. Nikamwambia, "Waite wale wazee waliokuwepo, mwite na mwenyekiti. Hayo uliyoniambia hapa kayaseme pale. Nitarudi siku hiyohiyo."

Akainamisha kichwa. Akachezea ufunguo wa pikipiki. "Hilo siwezi," akasema. "Nitatembeaje hapa?"

"Na mimi umetaka nitembeaje?"

Akawasha pikipiki akaondoka, na nilisikiliza mlio wake mpaka ukapotea.

Unisalimie mama sana, na shemeji, na mjomba wetu wa kwaya, na shangazi anayeuza ndizi stendi. Mdogo wetu wa mwisho mwambie asome, ufundi autake mwenyewe, asiutake kwa sababu yangu. Mama wa hapa naye anawasalimu ingawa hamjuani.

Mzee amesema watanisindikiza mpaka Katesh maharage yakishavunwa, nipande basi la kuja huko. Vyombo vyangu vya kazi nakuja navyo vyote. Mama akiuliza nakuja kusalimia kwa siku ngapi, usimjibu. Tandika tu kile kitanda cha chumba cha nyuma.

Mdogo wako,
Atupele