Friji ya Kanisa Haipumui Hovyo

Baba, lisilo machoni limo moyoni, hasa likiwa gesi!

Magimbi yameiva, yaepue. Mama, ukisoma barua hii, usimcheke Baba.

Asubuhi ulipotaka kufungua bomba la friji ya kanisa, ukisema, “Acha ipumue, mwanangu,” nilikurukia na taulo kichwani, nikakupokonya spana mbele ya mchungaji. Ukanuna. Baba, kilo moja ya gesi ile ya kupozea, ikitoka hewani, hupasha dunia joto zaidi kuliko kilo elfu za hewa ukaa! Mataifa yamekubaliana kuipunguza, hata sisi Samoa.

Nimeivuta yote kwa pampu, ikaingia mtungini, naipeleka Apia. Kuikusanya ndio mtihani wangu wa leseni ya ufundi. Mtungi ungefika mtupu, ningefeli.

~~Nisamehe kwa ile spana.~~

Siombi msamaha.

Binti yako, Moelagi