Vijana Thelathini wa Kitongoji Chetu

Bagamoyo,
Alhamisi, 7 Februari 1974.

Kwa Dada yangu mheshimiwa, Bi. Biubwa binti Abdala, Magomeni, Dar es Salaam.

Assalaam alaykum. Baada ya shikamoo yangu ya adabu, naulizia hali yako, hali ya shemeji Sadallah, na hali ya goti lako ambalo katika barua iliyopita ulieleza kuwa linakusumbua wakati wa kusujudu. Ama mimi, afya ya mwili ninayo, alhamdulillahi. Afya ya moyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Dada, kitongoji ulichokiacha sicho hiki. Mwaka jana mzima alizaliwa mtoto mmoja tu, naye mama yake aliondoka naye kwenda huko kwenu mara tu alipotimiza arobaini. Bi. Mize mkunga hunitania kwamba wembe wake sasa unakata nyuzi za mikeka, maana vitovu vimeadimika. Chuoni wamebaki watoto saba. Alipofariki Mzee Bwanaheri, mwezi wa Shaaban, jeneza tulilitua mara nne kati ya msikiti na makaburi, kwa kuwa wachukuzi wote tulikuwa na mvi. Kila tulipolitua, tulitazamana, na nilijua kila mmoja anajiuliza ni nani atakayembeba yeye.

Mwezi wa Novemba Katibu Kata alikuja akatutangazia kwamba kitongoji kisichofikisha vijana thelathini wenye nguvu kitahesabiwa kuwa ni cha wazee watupu, na watu wake watahamishiwa bara, upande wa Fukayosi, wakaunganishwe na kijiji chenye watu wa kuwatunza. Aliyasema kwa upole, lakini kina mama walianza kulia pale pale. Kwa kuwa barua zote za hapa huziandika mimi, wazee walinikabidhi kazi ya kuandaa orodha.

Nilipita nyumba kwa nyumba. Vijana niliowaona kwa macho yangu walikuwa tisa. Kwingineko nilikutana na desturi yetu unayoijua, ya mama kutotamka kwamba mwanawe amehama. Niliambiwa yupo, ametoka tu, na nikaonyeshwa kitanda kilichotandikwa shuka safi. Mmoja ametoka tangu mwaka wa sitini na nane, yuko bandarini Dar es Salaam na ana watoto watatu. Nami, badala ya kuhoji, niliandika kwamba yupo. Kwa njia hiyo waliingia kumi na wanane.

Nilikuwa bado nimepungukiwa. Nikampunguzia umri Mzee Mwishehe, kutoka sitini na tatu hadi arobaini, pamoja na mdogo wake. Mwishehe alicheka akaniomba nimpunguzie kumi zaidi apate kuoa tena. Mkewe, Bi. Fatu, alijibu kutoka jikoni kwamba ikiwa wino wangu unaondoa uzee, basi niumimine kwanza kwenye magoti yake, maana jana alishindwa kuinuka msalani.

Wakafika ishirini na tisa. Jina la thelathini nitalieleza, Dada, nivumilie kidogo.

Orodha ilikubaliwa, nami nilisifiwa kwa mwandiko. Juma lililopita imerudi kwetu na amri juu yake. Jumatatu asubuhi vijana wote thelathini wajipange barabarani na mapanga na majembe, waitwe kwa majina, wapakiwe kwenye lori kwenda kufyeka shamba la ushirika upande wa Makurunge. Kina mama waliwatumia wana wao salamu waje walau kwa siku moja. Hakuja hata mmoja. Wengi wamejibu kwamba wataachishwa kazi.

Jana, baada ya sala ya alasiri, wazee waliketi kibarazani mwa msikiti. Mwishehe alishauri kwamba kila mzee achukue jina la kijana mmoja, na likiitwa aitike. Bi. Fatu, aliyekuwa akipita, aliwauliza kama wanadhani Katibu Kata ni kipofu au wamekwisha kuwa vipofu wao. Niliamriwa nisome majina, na kila mzee akachagua lake. Nilipofika la mwisho, hakuna aliyelitaka. Kisha Mzee Msabaha alisema kwa sauti ndogo kwamba hilo ataliitika yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwosha.

Dada, jina la thelathini ni Mbaruku bin Sadallah, mwanao, tuliyemzika hapa miaka mitatu iliyopita. Umri nimeandika ishirini na miwili, ambao ndio angekuwa nao leo. Mbele yake nimeandika: mwenye nguvu. Sikulazimishwa na mtu. Nilikosa jina moja, nikaogopa kuhamishwa, na mkono wangu ukaliandika lake kabla sijawaza jingine lolote.

Jumatatu likiitwa, sitamwachia Mzee Msabaha aliitike. Nitasema kwamba huyo ni marehemu. Natambua kwamba swali litakalofuata litakuwa juu ya jina lililotangulia, na la kabla yake, na kwa neno langu moja wazee hawa huenda wakahamishwa kutoka nyumba walimozaliwa. Usingizi umenikimbia kwa hofu hiyo. Lakini kusikia mtu akisema naam kwa niaba ya mwanao kunanitisha zaidi.

Barua hii anakuletea jirani yetu Bi. Sada, ambaye atarudi huku kwa basi la Jumapili. Nakuomba umpe jibu lako kwa mdomo, hata likiwa la hasira. Nikipata radhi yako, nitasimama barabarani nikiwa na kitu cha kuegemea. Nisipoipata, nitasimama vivyo hivyo.

Msalimie shemeji, na ikikupendeza, mweleze wewe mwenyewe, kwani mimi sina uso wa kumwandikia. Mize na Fatu wanakusalimu. Hawajui kwamba nimekuandikia.

Wasalaam,
Nduguyo mwenye makosa,
Husseni bin Abdala.